Jino Langu Lilisema Imelia

Mutheu wangu,

Sitakuuliza hali yako, maana hali yako naijua: umetoka sasa hivi kwenda kusukwa nywele, umeacha redio ikiimba, na sanduku lako liko wazi katikati ya sebule, nguo zimejaa mpaka ukingoni. Nina saa mbili, labda tatu ukikuta foleni. Nataka barua hii iwe chini ya shuka zako kabla hujarudi, ili uikute kesho jioni ukitandika kitanda huko chuoni Kitui, mimi nikiwa sipo mbele yako. Maneno haya siwezi kuyasema nikikuangalia usoni. Nimejaribu mara tatu wiki hii, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umepakia blanketi.

Basi mambo ya blanketi tuyaache. Ya kula, ya kufua, ya wavulana, ya kushika simu ukiona ni mimi, yote umeyasikia mpaka yamekuchosha. Nimekaa chini kukuandikia kwamba mama yako ananichukiza. Hujasoma vibaya. Mama yako, yaani mimi, Mwikali, ananichukiza, na ni miaka mingi sasa, ila siku ile ya kamati ya bursary, ya msaada wa masomo, kinyaa kilinipanda mpaka kooni.

Unaikumbuka siku hiyo. Sisi wazazi tuliketi nyuma kwenye viti vya plastiki, na nyinyi mkawa mnaitwa mbele mmoja mmoja. Ulipofika zamu yako wakakuuliza kwa nini unataka kusomea kazi ya maabara. Ukasimama wima, ukasema, na sauti haikutetemeka hata kidogo: "Ndugu yangu alikufa kwa sababu ya mahindi yenye sumu. Mwenye duka alituuzia akijua ni mabaya. Mimi najua aliyemuua Kioko, na nataka kusoma ndio mtu kama huyo asipate nafasi tena." Mama mmoja wa kamati akatoa leso. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniinamia akasema, "Huyu msichana ako na akili, mama. Umelea."

Nilitoka nje. Ulidhani nimeenda kumlilia Kioko, na uliponifuata ukanishika bega ukaniambia nisijali, pole mum. Nilikuwa nyuma ya choo natema mate. Nilikuwa natema na kutema, kwa sababu lile neno "najua" ulilolisema ni langu. Lilitoka mdomoni mwangu, likaingia kwako ukiwa na miaka tisa, na umelitunza vizuri hivyo, umelivalisha viatu vya kung'aa, ukalipeleka mbele ya kamati.

Sasa nisikilize. Nitakueleza kama yalivyotokea, bila kujipamba.

Unajua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiuma mahindi ya kikundi chetu cha akina mama hapa Kalamba. Lakini hukuwa mkubwa wa kuelewa heshima iliyokuwa ndani yake. Mtu akileta mahindi kwenye ghala la kikundi, kabla hayajamwagwa na ya wengine, aliniletea kiganja kimoja. Nilichagua punje moja, nikaiweka kwenye gego la nyuma upande wa kulia, nikauma. Ikipasuka na kutoa mlio, nilisema, "Imelia." Basi. Ikishalia imekauka, inaingia kwenye gunia. Isipolia, inarudi juani. Nilifundishwa na nyanya yako, mama ya baba yako, kule Kilungu nilipoolewa, kabla hatujahamia huku chini. Alinipa punje siku nzima niume, yeye akisikiliza akiwa amefumba macho. Siku aliyoniambia nimejua, nilijiona nimepewa cheti.

Na sikukosea. Mwaka baada ya mwaka nilisema imelia, na hakuna gunia lililooza. Akina mama wakaanza kusema jino la Mwikali ni mashine. Ndunge, mwenyekiti wetu, alikuwa akiwatania wageni: "Wewe leta mahindi yako, lakini ujue hapa kuna daktari." Mimi nilicheka nao, na moyoni nilikuwa nimevimba kichwa vibaya sana. Hata nyumbani nilianza kuzungumza kama jino. Nani ameiba kuku, najua. Mvua itanyesha lini, najua. Baba yako alikuwa akirudi kutoka Kilungu kwenye kibarua cha kuchuma machungwa ya watu, nikimwangalia tu usoni naanza kumwambia alichofanya na alichokula. Maskini yule mzee alizoea kunyamaza.

Halafu ukaja ule mwaka ambao mvua ilinyesha mahindi yakiwa yamekauka shambani. Unaweza kukumbuka tulivyokuwa tukikimbia kukunja turubai, wewe ukishika pembe moja na Kioko akishika nyingine ambayo haikuhitaji kushikwa. Tuliyaanika, tukayaanua, tukayaanika tena. Wiki ya tatu nilichoka. Nilichukua punje moja, nikaiuma, nikasikia mlio. Nikasema imelia. Nikayapukuchua yote, nikayatia kwenye magunia, tukaanza kula.

Zilizobaki kwenye turubai, zile punje zilizovunjika na zenye madoa ya kijani, nilizifagia nikampikia mbwa. Unamkumbuka Tomi. Tomi alikufa Jumanne. Alitapika, akajikokota mpaka chini ya karo la kuoshea vyombo, akafa. Nilisema najua amekula sumu ya panya kwa jirani. Nilimgombeza jirani, juu ya ua, mbele ya watu.

Alhamisi ndipo nilipoenda dukani kwa Hassan. Iweke siku hiyo kichwani, nitairudia. Nilinunua gorogoro mbili za mahindi, kwa sababu sikutaka kufungua gunia la pili mapema. Nikayachanganya na yetu kwenye sufuria pamoja na maharagwe, nikapika isyo ya siku mbili kama kawaida.

Jumapili Kioko alikataa kula. Jumatatu macho yake yalikuwa ya manjano na tumbo limefura. Wewe ulitapika siku mbili ukapona, yeye hakupona. Hospitalini daktari aliniuliza tumekula nini, akasema ni sumu ya kuvu, ile wanaiita aflatoksini, inatoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Alisema pole pole, akidhani sielewi Kiswahili. Nilielewa kila neno. Na kabla hajamaliza sentensi yake mimi nilikuwa nimeshajua ni mahindi ya nani.

Kioko tulimzika Ijumaa. Watu walipokuwa bado wameketi, sabuchifu akaja na daftari lake, akaniuliza mbele ya akina mama wote wa kikundi.

"Pole sana, Mama Mutheu. Sasa hii mahindi mlikula ni gani?"

"Ni ya Hassan."

"Na ile yako ya shamba?"

"Yangu niliuma mwenyewe. Ilikuwa imelia."

Kisha Ndunge, ambaye ananipenda kama dada na hakuwa na nia mbaya yoyote, akasema, "Kama Mwikali ameuma, ameuma. Hiyo ni ya duka." Nikaona vichwa vikitikiswa, mstari mzima wa leso. Jioni hiyo hiyo hakuna aliyenunua hata kiberiti kwa Hassan.

Nataka umkumbuke huyu mtu vizuri, kwa sababu umemgeuza kuwa kitu kingine. Alikuwa ametoka kaskazini akiwa kijana, akafungua duka hapa kabla wewe hujazaliwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na tabia ya kufuta mizani kwa kitambaa kila baada ya kupima. Binti yake Rukia mliketi dawati moja. Asubuhi baada ya mazishi alikuja hapa nyumbani akiwa na mfuko wa mahindi mkononi. Hakukanyaga ndani ya ua, alisimama pale kwenye mnyaa wa mpakani.

"Mama Mutheu," akasema, "Mungu akupe subira. Mahindi ni haya, gunia ni lile lile. Mimi na watoto wangu tumeyala tangu wiki iliyopita, na tunayala mpaka leo. Njoo uangalie. Uyaume, ukitaka."

"Siumi sumu," nikamwambia. "Wewe ndio uliuwa mtoto wangu. Najua."

Akaniangalia, si kwa hasira. Akaniuliza neno moja.

"Unajuaje?"

Mutheu, sijaulizwa swali lingine zito kama hilo maishani mwangu, na jibu nililolitoa lilikuwa mate. Nilimtemea mate karibu na miguu. Ulikuwa umesimama mlangoni ukiangalia.

Wiki iliyofuata uliyamwaga makande ya Rukia shuleni. Ulimwagia chini chakula chake chote ukawaambia watoto wengine wasikiguse kwa kuwa ni sumu. Mwalimu aliniita. Na mimi, mtu mzima, niliyekuwa nimelea watoto na kusimama kwenye vikundi nikishauri wengine, nikamwambia mwalimu, "Mtoto anajua anachosema." Nikikumbuka mdomo wangu ukisema hivyo natamani kuuosha kwa jivu.

Vijana walipiga duka mawe mara mbili. Kabla mwezi haujaisha lori lilikuja, likapakia rafu na magunia na kitanda, na Rukia akiwa juu ya godoro akitazama nyuma. Nilikuwa kisimani. Nilisikia raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilisikia raha kama mtu aliyeshiba.

Sasa nifike kwenye karatasi.

Siku ya matanga afisa wa kilimo, yule msichana mwembamba wa pikipiki, alikuwa amechukua kopo moja la mahindi dukani na kopo moja la mahindi kwetu. Nilimpa kwa madaha. Miezi miwili baadaye alirudi. Hassan alikuwa ameshaondoka. Alinikuta napeta ndengu, akanipa bahasha, akasimama tu, akawa hajui aangalie wapi. Ndani kulikuwa na karatasi moja yenye mistari miwili iliyokuwa na maana. Ya duka: salama. Ya nyumbani: si salama kwa binadamu wala mifugo, iharibiwe.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mmebadilisha makopo." Msichana akajibu kwamba yaliandikwa majina palepale mbele yangu, na ni kweli, nilikuwa nimeyaona akiyaandika. Nikamwambia karatasi inaweza kukosea, jino langu halikosei. Akaniambia nisiyale tena, akapanda pikipiki akaenda. Nilikunja ile karatasi nikaiweka chini ya gazeti ninalotandika kwenye kabati la vyombo. Mahindi niliyachimbia shimo nyuma ya choo, peke yangu, gunia baada ya gunia. Nilipofungua gunia la mwisho harufu ilinipiga usoni, ile harufu ya matope na siki, na ndani yalikuwa yameshikana vipande vipande, na vumbi lake la kijani likanijaa puani. Nilijua harufu ile ni nini. Nikafukia. Watu walipouliza niliwaambia siwezi kula mahindi ya mwaka ulioniulia mtoto, wakaniheshimu kwa hilo pia.

Utaniuliza, sasa kama ulinusa, uliendeleaje kusema? Niliendelea kwa sababu nilikuwa nimeshasema. Hakuna sababu nyingine. Mtu akishasema "najua" mbele ya watu, hashiki tena kile kitu, kile kitu ndicho kinamshika yeye.

Msimu uliofuata yule afisa alikuja kwenye ghala la kikundi na chupa tupu ya soda na chumvi kavu. Akasema atatuonyesha njia ya kupima unyevu. Ndunge akacheka: "Sisi tuko na jino. Mwikali, uma kwanza, halafu huyu atuonyeshe mambo yake." Nikaletewa kiganja cha mahindi. Nikachukua punje, nikauma, nikasikia mlio wazi kabisa. "Imelia," nikasema. Msichana akatia mahindi yale yale kwenye chupa, akatia chumvi, akafunga, akatikisa, akaacha kidogo. Chumvi ilikuwa imeng'ang'ania kioo kila mahali kama unga kwenye mkono wenye jasho. "Yangekuwa makavu," akasema, "chumvi ingeshuka chini yote." Akajaribu na mahindi mengine makavu, ikashuka. Akina mama wakaangua kicheko. "Aiya! Jino la Mwikali limezeeka!" Na mimi nikacheka. Nilicheka zaidi ya wote, mpaka nikashika mbavu, halafu nikaenda nyuma ya ghala nikatapika uji wa asubuhi wote.

Baadaye jino lenyewe lilianza kuniuma, nikaenda kung'olewa. Daktari aliliweka kwenye kibakuli cha chuma, nikaliomba nilione. Lilikuwa limetoboka, ndani ni jeusi, linanuka. Niliwaza, hiki ndicho kitu ambacho kikundi kizima kilikuwa kinakiamini. Ningeweza kujipumzisha hapo, niseme kosa lilikuwa la jino bovu. Lakini sivyo, Mutheu, na hapa ndipo nataka uwe makini, kwa sababu ndiyo kitu pekee cha maana nilichopata kwenye uchafu huu wote.

Jino langu halikuwahi kujua. Hata lilipokuwa zima. Hata ile miaka yote niliyokuwa nikisema kweli. Miaka ile jua lilikuwa kali, mvua ilikatika mapema, na mahindi ya kila mtu yalikuwa makavu. Ungeweza kumleta mbuzi akauma, naye angesema imelia, naye angekuwa sawa. Nilikuwa nikiamini mahindi ni makavu, na kweli yalikuwa makavu, na nilikuwa na sababu ambayo hata nyanya yako aliikubali. Vyote vitatu nilikuwa navyo. Na bado sikuwa najua kitu. Nilikuwa nimebahatika tu, nikaita bahati yangu ujuzi, nikafundisha wengine.

Nimekaa na jambo hili miaka, nikiteka maji, nikipalilia, na nimeona liko hivi. Haitoshi kwamba unaamini kwa moyo wote, mimi nililiamini jino langu kuliko daktari. Haitoshi kwamba kitu chenyewe kigeuke kuwa kweli, maana kinaweza kuwa kweli bila msaada wako. Jiulize hivi: kama mambo yangekuwa kinyume, hii sababu yangu ingeniambia? Kama mahindi yangekuwa mabichi, jino lingekaa kimya? Halingekaa kimya. Lingelia vilevile. Chumvi ingeshika. Basi chumvi inajua zaidi yangu. Nimekuwa nikijiuliza swali hilo kila siku tangu hapo, na ni ajabu jinsi mambo ninayoyajua yalivyopungua. Yamebaki machache sana, naweza kuyabeba kwenye kyondo kidogo.

Siku hizi hata mazungumzo ya watu yananichefua. Kwenye lile grupu la kikundi kwenye simu, kila asubuhi kuna mtu anajua. Anajua majani yanayoponya sukari, anajua aliyeroga ng'ombe wa fulani, anajua mke wa fulani alikuwa wapi, na wengine hamsini wanaweka vidole gumba. Hakuna hata mmoja anayeuliza lile swali la Hassan. Nikiliandika mimi wananiambia, "Mama Mutheu, wewe siku hizi uko na maringo." Nanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha.

Na sasa turudi kwako na ile kamati. Angalia ulichosema. Ulisema Kioko aliuawa na mahindi yenye sumu, na hiyo ni kweli. Ulisema unajua nani, na hiyo ni uongo. Lakini vyote viwili ulivipata mahali pamoja, kwa mtu mmoja, kwa sauti moja, siku moja. Wewe hukukosea kuniamini. Mtoto wa miaka tisa ataamini nani, kama si mama yake? Sababu yako ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa na jino, wewe ulikuwa na mimi. Na hicho ndicho kinachonitia kinyaa zaidi ya yote, kwamba nilichukua kitu safi kuliko vyote nilivyokuwa navyo, imani yako kwangu, nikakitumia kama gunia la kuficha uozo wangu.

Usiiache kozi. Tafadhali. Kazi unayoiendea ni nzuri na ulitakiwa kuifanya hata kama Kioko angekuwa hapa anakusumbua na simu yako. Ila usiende nayo ukiwa umeikalisha juu ya Hassan.

Turudi kwa ile Alhamisi. Tomi alikufa Jumanne. Kwa Hassan nilienda Alhamisi. Mbwa wetu alikufa kwa mahindi yetu siku mbili kabla sijanunua hata punje moja dukani. Hilo halikuhitaji karatasi, halikuhitaji chupa, lilikuwa kwenye ua wangu chini ya karo. Nilikuwa nalo Hassan alipokuwa amesimama kwenye mnyaa akiniuliza ninajuaje. Nilikuwa nalo na sikutaka kulitazama, kwa sababu kama si yeye, basi ni mimi. Kioko alikula kutoka mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyempulizia kijiko kipoe.

Nimeandika. Sikudhani ningeweza.

Kwa nini nimenyamaza miaka yote hii? Niliogopa macho yako. Niliogopa utaniangalia kama nilivyomwangalia yeye. Kila Desemba nikibadilisha lile gazeti kwenye kabati nilikuwa naishika ile karatasi, nasema mwaka huu nitamwambia, halafu unaingia jikoni ukiimba na ninaifunika. Mtu anaweza kuishi hivyo, usidhani hawezi. Anapika, anacheka, anaenda kanisani. Ila kila kitu kinakuwa na ile ladha ya siki.

Karatasi imo ndani ya bahasha hii, nimeikunja pamoja na barua. Imekuwa ya kahawia na ina doa la mafuta, lakini inasomeka. Isome yenyewe, usisome ninavyosema mimi kuihusu. Wewe utafundishwa kusoma karatasi kama hizo, utaielewa kuliko mimi. Na ukiona ninachokuambia hapa hakilingani nayo, amini karatasi.

Jambo la mwisho, halafu nifunge kabla hujarudi. Ndunge aliambiwa na dereva mmoja wa lori kwamba kuna mzee anaitwa Hassan ana duka kwenye soko la Tulia, mrefu, mwembamba, anafuta mizani kwa kitambaa. Nimesikia tu. Inaweza kuwa ni yeye, inaweza kuwa mtu mwingine, inaweza kuwa dereva alitaka kumfurahisha Ndunge. Kesho nitakusindikiza mpaka lango la chuo, nitakukumbatia, utaona nina haraka na utadhani ninaficha machozi. Kutoka hapo Kitui mpaka Tulia si mbali. Nimefunga nusu mfuko wa mahindi ya msimu huu, nimeyapima kwa chumvi mara tatu. Nataka kusimama mbele ya kaunta yake na kumjibu swali lake. Jibu ni fupi: sikujua.

Lakini mimi ni mwoga, Mutheu, umeshaona. Utakapokuwa unasoma hapa, ama nitakuwa nimesimama kwenye duka hilo, ama nitakuwa nimeshuka njiani nikageuza nyumbani na mahindi yangu mapajani. Wewe utaniwazia mema, kama kawaida yako, utajiambia unajua mama alifika. Usijiambie hivyo. Nikikupigia nikakuambia nilifika, usiliamini hilo pia kwa sababu tu nimelisema mimi.

Mtafute Rukia. Muulize yeye.

Mama yako,
Mwikali